Miche 400 ya Lamboni: Je, Kosa ni Elimu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata mkoani Simiyu, nimesoma sosholojia. Mwaka juzi tulipokea miche 400. Mingi tuliipanda kuzunguka lambo la kijiji, michache uwanja wa shule ya msingi. Ya shuleni imeshika vizuri. Ya lamboni imekufa karibu yote. Nimeshaitisha mikutano minne ya uhamasishaji, na kila tukikaa na wataalamu wenzangu jibu ni lile lile: wananchi hawana elimu ya mazingira. Je, fani yetu ina lolote la kusema hapa zaidi ya kuhamasisha? Na kwenye ripoti, ile safu ya "changamoto", niandike nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza swali na jibu lake umelibeba humo humo, ila umelipita haraka. Umesema ya shuleni imeshika. Hebu simama hapo kwanza.

Kijiji ni kimoja. Mvua ni ile ile, udongo haupishani sana, miche imeshuka kwenye lori moja, na watu ni hao hao waliokaa kwenye mikutano yako minne. Kama ukosefu wa elimu ndio ulioua miche ya lambo, ungeua na ya shule. Kwa hiyo elimu haiwezi kuwa sababu. Tutafute kilichotofautiana kati ya sehemu hizo mbili, maana sosholojia ya mazingira kwa sehemu kubwa ndiyo kazi hiyo.

Shuleni mche ulikuwa na mwenyewe. Darasa la nne wana mistari yao, la tano wana yao. Asubuhi mtoto anafika na dumu la lita tano, mwalimu wa zamu anaangalia nani amemwagilia na nani amekwepa, na kuna uzio wa miiba. Mbuzi akiingia, mwenye mbuzi anajulikana na anaitwa. Yaani kuna mgawanyo wa kazi, kuna anayesimamia, kuna adhabu ndogo inayoeleweka, na kuna mpaka.

Lamboni je? Lambo ni mahali pa kunyweshea ng'ombe. Wanakuja kila siku, na kiangazi wanatoka hata vijiji vya jirani. Mche wa miezi mitatu uliochomekwa kwenye njia ya ng'ombe umepandwa ili uliwe. Anayejua hili kuliko wataalamu wote wa wilaya ni kijana mchungaji wa miaka 12 au 13, na nina hakika hakualikwa kwenye mkutano hata mmoja. Halafu jaribu siku moja kumuuliza mtu yeyote pale: huu mti ni wa nani? Atakwambia ni wa mradi, au wa serikali. Hapo umekwisha kujibiwa. Mti wa mradi unamwagiliwa na mradi, na mradi uliondoka na lori lake siku ile ile ya kupiga picha.

Nisikulaumu sana. Mimi mwenyewe nikiwa kijana kazini niliwahi kusimamia upandaji wa mikaratusi mita chache kutoka kwenye chemchemi, kwa sababu fomu ya ofisi iliyonituma ilikuwa na sehemu ya idadi ya miche iliyopandwa na haikuwa na sehemu ya mahali ilipopandwa. Kina mama wa pale waliniangalia nikifanya hivyo na hawakusema neno. Baadaye nilielewa kwamba hawakusema kwa sababu hakuna aliyewauliza, na mgeni mwenye gari la ofisi haambiwi anakosea.

Sasa tuje Shinyanga, maana Maswa, Meatu na Bariadi zilikuwa ndani ya mkoa huo mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Historia ninayotaka kukusimulia ni ya babu zako wa kazi, kwenye ardhi hiyo hiyo unayoikanyaga.

Usukumani kuna kitu kinaitwa ngitili. Mvua zikianza, kaya inafunga sehemu ya malisho yake, hakuna mnyama kuingia, majani yanakua na miti inachipua. Kiangazi kikishika kweli, malisho mengine yakiisha, ndipo inafunguliwa kidogo kidogo kwa ndama, kwa ng'ombe wa maziwa, kwa ng'ombe wazee na wagonjwa, na kwa maksai wanaosubiri kulima. Hakuna aliyewafundisha semina. Mwenye ng'ombe asiye na ngitili alikuwa anajua kitakachompata mwezi wa kumi.

Kisha yakaja mambo matatu, moja baada ya jingine. Kwanza vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya mkoloni iliwatoa watu kwa maelfu kufyeka pori ili mbung'o akose kivuli cha kukaa. Zingatia: wakati ule aliyefyeka miti alikuwa raia mwema. La pili ni pamba, ambayo ilihitaji mashamba mapana na ikaleta fedha, na fedha Usukumani iligeuzwa ng'ombe, maana benki ilikuwa mbali na zizi lilikuwa karibu. La tatu ni Operesheni Vijiji, miaka ya katikati ya 1970. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa kwenye vijiji. Ngitili iliyokuwa nyuma ya nyumba sasa ikawa maili kadhaa kutoka kwa mwenyewe, na haki yake juu yake haikueleweka tena. Kitu kikikosa mwenyewe kinachungiwa na kila mtu. Machifu, waliokuwa na kauli juu ya malisho, walikuwa wameshaondolewa kisheria tangu 1963, na nafasi yao katika jambo hilo haikuzibwa na mtu.

Matokeo yake, katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga na akapaita jangwa la Tanzania. Ukisikia leo mtu anasema Wasukuma waliharibu mazingira kwa sababu ya mapenzi ya ng'ombe na uchache wa elimu, mrudishe kwenye aya iliyotangulia. Watu walewale waliokuwa na utaratibu wa kutunza malisho walivunjiwa utaratibu wao kwa maagizo, halafu wakaambiwa hawajui kutunza.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI kwa kifupi. Nao ulianza kama wewe: vitalu, miche, semina. Kilichouokoa ni kwamba wataalamu wake walifika mahali wakaanza kuuliza zamani ilikuwaje, wakaonyeshwa ngitili chache zilizobaki. Wakati mpango unaanza, zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, makadirio ya chini yalikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Na sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini, vilihitaji kuachwa tu. Kilichofanyika ni kurudisha haki. Kaya ikajua hii ni yetu, kijiji kikajua ile ni yetu sote. Dagashida, baraza la kimila, likatumika kuamua. Sungusungu, ambao walikuwa wameanza kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, wakaongezewa kazi ya kumkamata aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya mwenzake. Faini ikalipwa hapo hapo kijijini, mbele ya watu wanaokujua hadi jina la bibi yako.

Linganisha na Kondoa. Huko kulikuwa na mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, kwenye makorongo ambayo picha zake ulionyeshwa kwenye kitabu cha jiografia. Mwaka 1979 serikali iliamua njia ya mkato: mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ukarudi, na nisiwe mchoyo, ulirudi vizuri. Ukiwa bwana misitu na unapima majani, HADO ilifaulu. Lakini mwenye ng'ombe alitakiwa kumpeleka kwa ndugu wa mbali au kumuuza, mtoto akakosa maziwa, shamba likakosa samadi. Wengine walikuwa wanaingiza mifugo usiku. Ilichukua karibu miaka kumi mpaka ng'ombe wa kufugia zizini wakaruhusiwa. Wataalamu wa mazingira na sisi wa jamii tunaangalia bonde lile lile na kuuliza maswali mawili tofauti. Wao wanauliza, je, udongo umetulia? Sisi tunauliza, nani amelipia kutulia kwake?

Hilo la nani analipia ndilo ningependa ulibebe kwenda nalo kazini kuliko nadharia yoyote. Lakini kwa kuwa umesoma, nadharia mbili tatu hazitakudhuru.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyojulikana dunia nzima. Alisema malisho ya wote hayana wokovu: kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi kwa sababu faida ni yake na hasara inagawanywa kwa wote, mpaka malisho yafe. Dawa, kwake, ni kubinafsisha au kuiachia serikali. Makala hiyo iliwapa nguvu watawala wengi Afrika, kwa sababu iliwaambia walichokuwa wanataka kufanya. Tatizo lake ni kwamba Hardin alichanganya vitu viwili: mali ya wote na mali isiyo na mwenyewe. Elinor Ostrom, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 na alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata, alitumia maisha yake kukusanya mifano ya malisho, misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi ambayo watu wameyatunza pamoja kwa vizazi. Alikuta yanayodumu yanafanana: mpaka unajulikana, wanaotumia ndio wanaotunga kanuni, kuna wanaofuatilia, adhabu inaanza ndogo na kupanda, ugomvi unaamuliwa karibu, na serikali ya juu inaheshimu kanuni hizo badala ya kuzifuta kwa simu. Soma orodha hiyo taratibu halafu urudi kwenye uwanja wako wa shule. Mwalimu wa zamu anatekeleza karibu yote na wala hajawahi kumsikia huyo mama.

Wapo pia William Catton na Riley Dunlap, ambao mwaka 1978 waliwaambia wanasosholojia wenzao kwamba wamekuwa wakijadili jamii kana kwamba inaelea hewani, haili wala hainywi maji. Kweli tupu, na kwa mtu wa Maswa ni jambo la kushangaza kwamba ilibidi liandikwe.

Sasa kuna neno moja kwenye cheo chako ambalo lazima tulikague: jamii. Tunasema jamii ishirikishwe, jamii imekubali, jamii imechangia nguvu kazi. Jamii ipi? Turudi kwenye ngitili, maana sitaki uondoke ukidhani ni hadithi tamu mwanzo mwisho. Ngitili kubwa zilikuwa za wenye ardhi kubwa. Fedha za malisho na nyasi za kuezekea, kwa hizo za binafsi, ziliingia kwa waliokuwa nazo tayari. Asiye na ng'ombe na asiye na ardhi alibaki kutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni na dawa, na pale ambapo kijiji hakikutenga ya pamoja, hifadhi ilikuwa kwake ni uzio mwingine tu. Mwanamke alinufaika kwa kuni kuwa karibu, hilo ni kubwa, kutembea saa chache zaidi au pungufu kila wiki si mchezo. Ila katika kaya nyingi ardhi inafuata upande wa mume, kwa hiyo aliyekuwa anaamua kufunga au kukodisha hakuwa yeye.

Kwa hiyo kwenye kijiji chako uliza hasa nani alichota maji ya kumwagilia lamboni. Nathubutu kubashiri: kaya za karibu, na ndani ya kaya hizo ni mama na mabinti. Mwezi wa tisa, dumu la lita 20 limebebwa kichwani kwa ajili ya kupikia, kuogesha watoto na kunywa. Kumwambia mama amimine sehemu yake kwenye mche ambao kivuli chake hata haijulikani kitakuwa cha nani ni kumtoza kodi. Kukataa kwake ni hesabu aliyoipiga vizuri, na hatubadilishi hesabu ya mtu kwa kumhamasisha.

Kamati ya mazingira ya kijiji unayo, bila shaka, na ina wanawake wawili kwa sababu muongozo ulitaka wawepo. Bina Agarwal, mchumi aliyechunguza vikundi vya misitu India na Nepal, alikuta sauti ya wanawake inaanza kuwa na uzito wakifikia robo hadi theluthi ya kamati. Wawili kwenye kumi na mbili wanapika chai. Kuna Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, ambaye mwaka 1969 aliuchora ushirikishwaji kama ngazi ya vidato vinane: chini kabisa watu wanalaghaiwa, katikati wanapewa taarifa na kuombwa maoni, juu wanashika maamuzi. Mikutano yako minne ya uhamasishaji ipo kidato gani? Najua inauma. Yangu ilikuwa pale pale.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vijijini wanalisema wakinywa kahawa na hatuliandiki kwenye ripoti. Mkaa. Kijiji kinakemewa kwa kukata miti ya mkaa, wakati takriban nusu ya mkaa wa nchi hii unaishia Dar es Salaam. Anayekata ana jina na uso, mtendaji anamfahamu na kumkamata ni rahisi. Anayenunua ni mamilioni, na hakuna anayemwita mharibifu wa mazingira. Nenda ukakae nusu saa kwenye genge la mkaa uswahilini utaelewa kwa nini. Mama lishe anakuja asubuhi na shilingi chache mkononi, anapimiwa kopo au kisado, anapika, anauza, jioni anarudi na nyingine. Kipato chake kinaingia kwa siku, na mkaa unauzwa kwa siku. Gesi ni nafuu ukihesabu kwa mwezi, ila mtungi unataka fedha nzima kwa mkupuo, na ukiisha katikati ya kupika wali wa wateja hakuna wa kukupimia kopo la gesi. Serikali imezuia taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa, na imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Taasisi zitaweza, zina bajeti. Mama lishe atahama siku gesi itakapouzwa kwa namna fedha yake inavyoingia, na zipo tayari biashara zinazojaribu mtungi wenye mita ya kulipia kidogo kidogo. Huu nao ni mpangilio wa jamii unaogeuka kuwa hali ya msitu, kilomita mia kadhaa kutoka jiko lilipo. Kijana wa kijijini anayechoma tanuri ni mwisho wa mnyororo huo, si mwanzo wake.

Ufanye nini basi? Usiitishe mkutano wa tano. Nenda lamboni asubuhi kabla jua halijawa kali, kaa na wachungaji, uchore kwenye daftari njia zote ambazo ng'ombe wanaingilia. Utaona kuna upande ambao hawaupiti, mara nyingi juu ya tuta au nyuma ya utoro wa maji, pale maji yaliyozidi yanapotokea. Huo ndio upande wa kuanzia. Kisha watafute wazee wawili watatu wakuonyeshe ngitili za zamani za kijiji hicho zilikuwa wapi, nani alikuwa anafunga, nani alikuwa anafungua, na ya mwisho ilivunjika lini na kwa nini. Waulize kina mama peke yao, bila mwenyekiti wa kijiji kukaa kando akikohoa.

Ukipata hayo, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga na kutenga ardhi yake, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kutoza faini, na halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo ikapitishwa na mkutano mkuu kisha halmashauri ya wilaya. Lakini andika sheria ndogo mwishoni, baada ya watu kukubaliana nani anaingiza nini, lini, na faini inaingia mfuko gani. Nimeona nyingi zilizonakiliwa kutoka kijiji kingine hadi jina la mto likasahauliwa kubadilishwa. Na kama mkifunga kipande cha hekta chache kando ya lambo kama ngitili ya kijiji, msipande kitu msimu wa kwanza. Fungeni tu, muone ardhi yenyewe itatoa nini.

Kuhusu ripoti. Najua safu ile ni nyembamba na najua bosi wako amezoea kusoma "uelewa mdogo wa wananchi", kwa sababu sentensi hiyo haimgusi mtu ofisini. Mimi ningeandika hivi: "Miche ya lamboni ilipandwa kwenye njia ya kunyweshea mifugo. Haikukabidhiwa kaya wala kikundi chochote. Hakuna aliyepangiwa kumwagilia, na kaya za karibu zina upungufu wa maji kuanzia mwezi wa nane. Miche ya shule, iliyokuwa na wenyewe na uzio, imepona." Na kama ukihesabu mmoja mmoja ile ya shuleni, andika iliyo hai ni mingapi. Fomu haina sehemu hiyo, andika pembeni kwa kalamu.